Kapu la Uji la Bi Mpishi

Alikuwa akila amesimama. Bakuli kwenye kiganja cha kushoto, kijiko mkono wa kulia, jicho mlangoni, kama mtu anayengoja kuitwa. Nilipanga chumba cha uani nyumbani kwake miaka sita, na katika miaka hiyo sikuwahi kumwona amekalia kiti mpaka kikapata joto. Ukimwambia, "Mama, kaa basi ule," anakaa, anameza vijiko viwili, halafu anakumbuka nguo kwenye kamba, au kuku, au pipa lililoachwa wazi, anainuka na bakuli lake.

Kijiji kizima cha Kiswere kilimwita Bi Mpishi. Jina lake la kwenye vyeti nililisikia mara moja tu, zahanatini, muuguzi alipoliita mara tatu na mwenyewe amesimama palepale mlangoni, haitiki. Nilipomgusa bega alishtuka. "Ah, kumbe ni mimi," akasema, akaingia ndani kwa haraka kama vile yeye ndiye aliyecheleweshwa.

Alikuwa amepika miaka mingi kwenye shule ya bweni ya wasichana, bara. Alifikaje Kiswere, mtu wa uwanda wa Makonde, Mkristo, asiye na ndugu pale kijijini, sikuwahi kumuuliza, na waliojua hawakuniambia. Ninachojua ni kwamba kengele ya shule ile haikumtoka mwilini. Kengele ya shule yetu ilikuwa rimu ya gari iliyoning'inizwa kwenye mti, ikigongwa na kipande cha nondo. Ilipolia, Bi Mpishi popote alipokuwa aliruka. Siku moja alikuwa anamsuka jirani, rimu ikalia, akaacha msuko nusu akakimbilia jikoni. Alirudi anacheka, mwiko mkononi.

"Wasichana mia nne wamekukodolea macho," aliniambia, "kuni mbichi, moshi umejaa, kengele inalia. Wewe ungekaa?"

Mtu huyu asiyetulia ndiye aliyenifundisha kupika chakula kinachopikika polepole kuliko vyote ninavyovijua.

Nilikuwa mwalimu mpya, ndiyo kazi yangu ya kwanza, nimetoka Milola na begi moja na godoro. Darasa la tatu lilikuwa langu kuanzia asubuhi. Kuwasha mkaa alfajiri kulinishinda, nikawa naondoka na kikombe cha chai tu. Wiki ya pili, katikati ya hesabu za kutoa, ubao ukaanza kuyumba. Nilijikuta nimekaa sakafuni. Watoto walicheka kwanza, halafu mmoja akaanza kulia, na wote wakamfuata. Mwalimu mkuu akaagiza nirudishwe nyumbani.

Bi Mpishi hakusema pole. Aliuliza, "Umekula nini?"

"Nimekunywa chai, mama."

"Chai si chakula. Chai ni maji yaliyotishwa kwa moto." Akanishika mkono, akaniingiza jikoni kwake. "Njoo uone jinsi ya kula asubuhi bila kupika asubuhi."

Kwenye kona palikuwa na kapu la ukili, pana, refu kufika gotini. Ndani alikuwa ameshona mito ya khanga kuukuu na kuijaza sufi: mmoja wa chini, mmoja unaozunguka pembeni, na mmoja mnene wa kufunikia juu. Katikati palibaki nafasi ya sufuria moja tu, imekaa kama yai kwenye kiota.

Jioni ile alinionyesha. Mtama haukuwa unga, ulikuwa chenga: punje zilizopasuliwa vipande viwili vitatu, zikapepetwa, vumbi likachekechwa likatoka. Alizikaanga kavu mpaka zikanukia kama karanga. Akapima kikombe kimoja cha chenga kwa vinne vya maji, chumvi kidogo, akachemsha. Hakukoroga sana. Sufuria ilipotokota kwa muda wa kutosha kufagia uwanja, nasema hivyo kwa sababu ndivyo alivyopima, kwa kufagia, aliifunika, akaitia kapuni, akaweka mto wa juu, akauzima mkaa kwa kifuniko cha bati ili utumike tena kesho.

"Moto ukishachemsha umemaliza kazi yake," alisema. "Kinachobaki ni kazi ya muda, na muda hauli mkaa."

Asubuhi akatoa sufuria. Ilikuwa bado na joto la kuunguza ulimi. Chenga zilikuwa zimevimba, laini, lakini kila moja bado inajulikana. Akaongeza tui la nazi na kijiko cha asali, akanipa bakuli. Kwetu Milola mtama tulikuwa tunaula tukiwa na aibu, mwaka ambao mahindi yamekataa. Nilikula mabakuli mawili. Nikafika shuleni kabla ya rimu kugongwa, na mpaka saa sita tumbo halikuniuliza kitu.

Tangu siku hiyo tukawa na kapu moja, watu wawili. Alikuwa na usemi wake kwa hilo: "Asubuhi haipikwi asubuhi." Aliwaambia akina mama waliochelewa shamba, vijana waliokuja kuomba kiporo, hata katekista aliyepita mara moja kwa mwezi kuwasalimu Wakristo wachache wa pale. Katekista alidhani ni neno la Maandiko.

Chenga zilimletea ugomvi na fundi wa mashine ya kusaga. Fundi alizoea unga. Bi Mpishi alitaka alegeze mawe mpaka punje zipasuke tu. Mara ya kwanza fundi alisahau, akamsagia debe zima likawa unga laini. Mwingine angechukua unga wake akaondoka. Yeye alisimama mlangoni mwa mashine. "Nirudishie punje zangu," akasema.

"Bi Mpishi, zimeshasagika. Nitazirudishaje?"

"Hilo ni lako. Mimi nilileta punje."

Foleni ilisimama, watu wakacheka, wengine wakakasirika. Mwishowe fundi alitoa mtama wake mwenyewe nyumbani, akaupasua mbele ya macho yake. Kuanzia hapo, kila alipokwenda, alisimama chini ya mdomo wa mashine na kusugua punje za kwanza kwa vidole huku akipiga kelele, "Legeza! Legeza bado!" Alirudi nyumbani kichwa chote cheupe kwa vumbi la unga.

Mpwa wake anayefanya kazi Dar alimletea chungu cha umeme cha kupikia taratibu, na kopo la shayiri zilizokatwakatwa. Alizipika mara moja, akasema ni nzuri, ni binamu za mtama, na akaniuliza kwa nini zisafiri mbali kote huko wakati binamu zao wako ghalani. Umeme wetu ulikuwa unakwenda na kurudi kama mgeni asiye na adabu. Baada ya mwezi mmoja nikakuta chungu kile kimejaa vitunguu.

Ramadhani ya kwanza nikiwa kwake, nilimwambia sitakuwa nakula naye asubuhi. Ulipofika wakati wa daku, nikafungua mlango nikakuta kapu limewekwa kizingitini, zito, lenye joto. Mwezi mzima lilikuwa pale. Yeye alisema wazi kwamba hafungi, dini yake ina siku zake. Lakini mchana wa mwezi ule sikumwona na bakuli hata mara moja. Nilipomtania kwamba naye amefunga, alinifokea: "Nani amefunga? Sina njaa tu!" Akatoka nje kupanga kuni zilizokuwa zimeshapangwa.

Ndivyo alivyokuwa. Alikuwa na ukarimu uliokuja na makelele. Angekufokea huku anakupakulia. Alimtukana kwa Kimakonde kijana aliyemkatia mnazi vibaya, halafu akamfungia yule yule chakula cha kwenda nacho. Hakuvumilia hotuba. Mkutano wowote ukivuka nusu saa, alisimama nyuma na kuanza kukunja mikeka, hata kama watu bado wameikalia.

Na alikuwa na sheria moja kubwa juu ya kapu: likishafungwa, lisifunguliwe mpaka asubuhi. "Anayefunua anaiba," alisema. "Anaiba joto, na joto halirudishwi kama debe la mtama." Aliisema mbele ya wageni akinyoosha kidole.

Lakini chumba changu kilipakana na jiko. Nilikuwa nasikia mlio mdogo wa mfuniko wa sufuria. Kila usiku, mara moja, siku nyingine mara mbili. Usiku mmoja nilitoka nikamkuta ameinama juu ya kapu, mwiko mkononi, mto wa juu kaushika kwapani.

"Mama!"

"Nilikuwa naua mende," akasema.

Nilicheka mpaka nikajishika ukuta. Yeye pia alicheka. Uji ule ulivumilia. Alikuwa anafunua sekunde chache tu, anaangalia, anafunika. Nilidhani ni kichekesho cha nyumba yetu, kitu cha kumtania mtu unayempenda.

Jambo la shule lilianza msimu wa kutayarisha mashamba. Wazazi wengi walikuwa wanaondoka kwenda mashambani kabla watoto hawajaamka, wengine wanalala huko huko. Watoto walikuja darasani na macho mazito. Nilikuwa na mtoto mmoja, Somoe, mwembamba, mwenye akili ya kukamata haraka, aliyekuwa analelewa na bibi yake mjane, Bi Mwanahawa. Kila ifikapo saa nne Somoe alilaza kichwa kwenye dawati. Nilimweleza Bi Mpishi. Alikuwa anachambua mchicha. Aliuacha.

"Kwa nini hukuniambia tangu mwanzo?"

Wiki hiyo akaenda mwenyewe kwa mwalimu mkuu, na mwalimu mkuu akaitisha wazazi. Bi Mpishi alisimama na kapu lake kiunoni kama aliyebeba mtoto. Akaeleza: kila nyumba ilete kibaba cha mtama, yeye atapika jioni kwenye sufuria kubwa, watoto wa madarasa ya chini wale kabla ya kipindi cha kwanza.

Baba mmoja akasema, "Wanangu si kuku, wa kulishwa mtama."

"Kuku wako wameshiba," Bi Mpishi akamjibu. "Nimewaona. Watoto ndio sijawaona."

Watu wakaguna. Mkutano ungeishia hapo kwa matusi kama Bi Mwanahawa asingesimama nyuma. Alikuwa mwanamke mpole, hakuwa na mazoea ya kusema hadharani. Akasema tu, "Mimi nina mtama. Nitaleta wa kuanzia." Siku ya pili akaleta gunia nusu, sehemu ya mtama aliouweka mbegu. Baada yake walifuata wengine, mmoja mmoja, kwa aibu.

Tulishona kapu jipya, kubwa, mimi na Bi Mpishi na mama wawili wa jirani. Sufi tuliokota wenyewe. Kwa miezi mitatu watoto wa madarasa matatu ya chini walikula uji wa chenga kila asubuhi, na mimi ndiye niliyekuwa nagawa kwa kata ya kifuu. Somoe alianza kuinua mkono saa nne. Naye Bi Mpishi, ambaye hakuwa na mtoto, alisimama pembeni ya foleni akihesabu vichwa kwa midomo, asiyetulia, mwenye furaha kama sijapata kumwona.

Halafu tukaambiwa afisa kutoka wilayani atakuja kuuona uji wetu. Mwalimu mkuu alizunguka nyumba kwa nyumba kutuambia tusimwaibishe.

Siku ile ya kuamkia ugeni Bi Mpishi hakuwa na mikono ya kutosha. Alifagia uwanja mara tatu. Alipika mapema. Kawaida tui aliweka asubuhi, mwisho kabisa, baada ya kuchemsha tena kidogo. Safari hii alitaka afisa akifunua akute uji umeshaiva na utamu wake, mweupe, mzito. Nilikuwa kitandani niliposikia mfuniko. Nilichungulia dirishani nikamwona anamimina tui bichi, baridi, bakuli zima, akakoroga, akafunika. Baadaye mfuniko ukalia tena. Na tena. Ilikuwa kaskazi, joto lile ambalo hata nguo ya kitanda inakuchukia. Nilijua. Miaka sita nimefundishwa sheria ya kapu lile, nilijua tui haliwekwi vile, na joto la sufuria lilikuwa linaibwa. Nikajiambia yeye ni mpishi wa shule za watu, mimi ni nani. Nikageukia ukutani.

Asubuhi aliufunua mbele yangu. Uji ulikuwa vuguvugu. Alionja. Akanipa mwiko, nikaonja. Palikuwa na ukakasi mdogo mwishoni mwa ulimi.

Aliniangalia. "Mtama una uchachu wake," akasema.

"Ndiyo," nikasema.

Rimu ikalia. Tukabeba. Nikagawa.

Afisa hakuja. Gari liliharibika, tuliambiwa. Kabla ya mapumziko watoto wawili walikuwa wameshatapika nyuma ya darasa, na mpaka mchana walikuwa kumi na mmoja. Zahanati ilijaa. Somoe ndiye aliyezidiwa, hakubakiza kitu mwilini, macho yamezama. Alipakiwa kwenye bodaboda katikati ya dereva na bibi yake, kwenda kupata gari la hospitali barabara kuu. Bi Mwanahawa alikuwa amevaa ndala moja. Bi Mpishi alikimbia nyuma ya pikipiki ile mpaka mwisho wa nyumba za kijiji, akiwa ameshika ndala ya pili.

Somoe alipona. Nalisema hilo mapema kwa sababu sisi wenyewe tulikaa siku mbili bila kujua.

Lakini katika siku hizo mbili kijiji kilishapata jibu lake. Mtu mmoja alikumbuka kwamba mtama wa kwanza ulikuwa wa mbegu. Mwingine akasema mbegu huwa zinatiwa dawa ya wadudu. Wa tatu akasema Bi Mwanahawa alikuwa na dawa hiyo, aliiona. Ukawa ukweli. Mjane alirudi kutoka hospitali na mjukuu mgongoni akakuta wenzake hawaitikii salamu yake vizuri. Viongozi wakauchukua mtama wake uliobaki, hata ule ambao haujawahi kufika shuleni, ukachomwa uwanjani. Ilikuwa mbegu yake ya msimu. Alisimama pale anauangalia unawaka. Alisema maneno yale yale, kwa sauti ile ile ya chini: "Sikutia dawa. Naapa sikutia dawa."

Mimi nilikuwepo. Bi Mpishi alikuwepo. Hatukuangaliana.

Nyumbani Bi Mpishi aliacha kazi zake zote. Hakufagia. Hakutafuta kuku. Kwa mara ya kwanza nilimkuta amekaa, kwenye kigoda, mikono juu ya magoti, asubuhi mpaka adhuhuri. Nilipopita alisema, "Zuhura," mara mbili au tatu, kama anayetaka kuanza neno. Mimi nilijibu, "Abee, mama," nikapita. Nilikuwa nasubiri kupandishwa daraja kazini. Nilikuwa nawaza barua ya kuachishwa. Nitasema nini nyumbani Milola?

Siku ya tano palikuwa na mkutano wa kijiji. Ajenda ilikuwa nyingine, ya barabara. Bi Mpishi alisimama kabla mwenyekiti hajamaliza salamu.

"Mtama wa Mwanahawa hauna kosa," alisema. "Kosa ni langu. Nilitia tui baridi jioni, nikafunua sufuria mara tatu, uji ukapoa, ukachacha. Asubuhi nilionja, nikajua, nikaona haya kuumwaga kwa sababu ya mgeni. Mimi peke yangu. Hakuna mwingine jikoni kwangu."

Sauti ilikuwa kavu. Mtu mmoja akapaza, "Na kwa nini umenyamaza siku zote hizi, mwanamke wa watu anaonekana mtia sumu?"

"Niliogopa," akasema. "Kwani nyinyi hamjawahi kuogopa?"

Nilikuwa safu ya pili, pamoja na walimu wenzangu. Alisema "mimi peke yangu" na macho yake yalipita juu yangu bila kusimama. Niliangalia vidole vyangu vya miguu. Ilikuwa nafasi ya kusimama, pana kama mlango. Nikaiacha ikapita.

Jioni ile alibeba mtama wake wote, magunia mawili, kwa mkokoteni wa kukodi, akaupeleka kwa Bi Mwanahawa. Nilisikia kwa majirani. Mtama ulipokelewa, ukaingizwa ndani. Yeye hakukaribishwa. Alisimama uwanjani kwa muda, halafu akarudi.

Aliondoka Kiswere kabla ya mavuno ya korosho. Hakufukuzwa, nataka hilo lieleweke. Wengine walimbembeleza abaki, hata yule baba wa kuku. Lakini watoto walikuwa wanampita mbali, na nadhani hilo ndilo lililomshinda. Aliuza nyumba kwa fundi wa mashine. Mimi nilipandishwa daraja mwaka uleule, baadaye nikahamishiwa Lindi mjini. Uji wa shule haukupikwa tena.

Miaka imepita. Nimeolewa, nina watoto wawili. Napika chenga kwenye kapu langu mwenyewe, nachemsha, nafunga, na asubuhi nachemsha tena kabla mtu hajaonja. Mume wangu anasema mimi ni mwoga wa sufuria. Sijamweleza.

Mwezi uliopita, mpwa wake aliniandikia ujumbe kwenye simu kwamba mama mdogo wake amefanyiwa upasuaji wa macho, yuko wodini hapa hapa Lindi, na ameniulizia. Nilikwenda baada ya vipindi.

Alikuwa amelala chali, macho yote mawili yamefungwa bandeji, ameambiwa asitikise kichwa mpaka kesho yake. Alikuwa amekonda. Vidole vyake vilikuwa vinakunja na kukunjua ukingo wa shuka, havikomi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Zuhura." Alinijua kwa sauti. "Umenenepa, nasikia kitanda kinalia." Nilikuwa nimekaa ukingoni.

Tulizungumza ya kawaida, watoto, mume, bei ya mkaa. Muuguzi alipita mara mbili kumkumbusha asigeuke. Labda kwa sababu alikuwa haoni uso wangu, ndiyo maana niliweza.

"Mama, usiku ule nilichungulia dirishani nikakuona. Na asubuhi nilionja. Niliujua ukakasi ule kama wewe."

"Najua," akasema. "Mwiko nilikupa mimi."

"Hukunitaja."

"Nilingoja ujitaje. Siku nne nilingoja, nikiona haya kuanza peke yangu, mtu mzima kama mimi namngoja mtoto. Nilikuchukia siku zile, Zuhura. Siku ya tano nikaona nakuchukia kwa kazi iliyo yangu."

Nililia. Nilimwomba radhi, nikamshika mkono ule usiotulia. Aliuacha ushikwe kidogo, kisha akautoa.

"Mimi huna cha kuniomba," akasema. "Uji niliuharibu mimi. Mwanahawa hunipigia simu, unajua? Alianza mwaka juzi. Kila Ijumaa, baada ya swala. Hasemi mengi, ananisalimu, ananiambia Somoe yuko kidato cha pili, basi. Lakini siku moja aliniuliza jambo."

"Aliuliza nini?"

"Aliuliza, 'Yule mwalimu aliyekuwa anagawa, yeye hakuonja?'"

Nje ya dirisha mtu alikuwa anasukuma toroli lenye gurudumu bovu. Nilisubiri lipite.

"Ukamjibu nini, mama?"

"Nilimwambia akuulize mwenyewe. Akasema atangoja, iko siku utapita."

Jumamosi yake nilipanda basi la asubuhi la kwenda Kilwa, nikashuka njia panda, nikachukua bodaboda mpaka Kiswere. Sikuwa nimebeba kitu. Nilikuwa nimenunua sukari na khanga, nikaviacha nyumbani mlangoni, nikaona vitanisemea.

Bi Mwanahawa alikuwa barazani anasuka ukili, miguu ameinyoosha kwenye mkeka. Amezeeka. Nilipiga hodi mbali kidogo, hatua nyingi kabla ya kufika, kama mgeni wa mara ya kwanza. Akainua kichwa. Alinitazama kwa muda mrefu, na nikaona wakati hasa aliponitambua, kwa sababu mikono yake iliacha kusuka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu."

"Nimekuja kukujibu," nikasema.

Akauweka ukili pembeni. Akavuta miguu, akasogea, akaniachia nusu ya mkeka.